Farasi wa Kwenye Kibandiko

"Fundi, waliniambia farasi ishirini. Sasa hao wengine wamelala wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mwenye mashine ya kusaga, siku ya soko hapa Siongiroi, Bomet, baada ya chamge ya salamu na kabla hata hajakaa. Alikuwa amenunua injini ya dizeli mjini, silinda moja, mpya, rangi bado inanuka. Mashine yake ya nyundo inahitaji farasi kumi na tano hivi ili isage bila kusitasita, na kibandiko cha injini kilisema 20. Lakini mahindi yakimiminwa kwa wingi injini inaguna, moshi mweusi unatanda, kinu kinapungua kasi, na wateja walio kwenye foleni wanaanza kutazamana.

Mimi ni fundi wa injini. Kabla ya kufungua kibanda hapa, nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha jenereta cha kiwanda kimoja cha chai. Siongiroi kwenyewe ni nchi ya ng'ombe na mahindi kuliko chai. Chai inashamiri ukipanda kuelekea Konoin na Kericho. Ila injini ni zile zile: za kusaga, za kukata nyasi za mifugo, za kuvuta maji mtoni, na za bodaboda zinazobeba mitungi ya maziwa alfajiri kwenda kwenye mtambo wa kupoza. Malalamiko nayo ni yale yale, kwamba injini haina nguvu iliyoandikwa. Wengi hudhani nguvu ya injini ni siri ya kiwanda, kitu cha kuamini au kutoamini. Si kweli. Nguvu hupimika, hapa hapa sokoni, kwa mizani, saa na tepu. Na pale isipopimika hukadirika, tena vizuri kiasi cha kumnasa mwongo.

Tuanze na farasi mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18 James Watt alikuwa akiwauzia injini za mvuke watu waliozoea kuzungusha mashine zao kwa farasi. Mnunuzi alitaka kujua jambo moja tu: hii mashine yako itanipunguzia farasi wangapi? Watt akapima kazi ya farasi mmoja, akaweka kiwango, na kiwango hicho tunacho hadi leo. Kwa vipimo vya sasa ni wati 746. Viwanda vingi vya Asia na Ulaya bara hutumia farasi mdogo kidogo, wa wati 735, na huyo ndiye rahisi kumweka akilini: ni nguvu ya kupandisha kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Tofauti ya farasi hao wawili haifiki asilimia mbili. Usigombane na mtu kwa ajili yake.

Ndani ya nguvu hiyo mna mambo mawili: injini inavuta kwa uzito gani, na inazunguka kwa kasi gani. Huo mvuto wa kuzungusha ndio mafundi wanauita toki. Zidisha toki kwa kasi, umepata farasi. Chukua ile injini ya Lister yenye magurudumu mawili mazito, ambayo wazee wa huku waliijua kwa mlio kabla ya kuiona. Kampuni ya R A Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kuiuza karibu mwaka 1930 ikiwa na farasi 5 kwa mizunguko 600 kwa dakika, na baadaye farasi 6 kwa mizunguko 650. Wahindi waliiga muundo wake na hadi leo nakala zake zinasaga. Ina toki kubwa na mwendo wa pole. Boxer 150 nayo inakaribia farasi 12, lakini ili iwafikie lazima izunguke zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Ukimwambia kijana wa bodaboda kwamba pikipiki yake ina farasi mara mbili ya injini iliyokuwa ikisagia kijiji kizima, anadhani unamtania. Hutanii. Ila Lister hutoa hao sita kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Boxer ukiibana kwenye mizunguko 7,500 tangu asubuhi, jioni utaniletea pistoni mkononi.

Haya, turudi kwa injini ya mama. Sikugusa spana. Nilibandua kibandiko, nikakwaruza rangi pembeni mwa bloku, na maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma yakajitokeza: S195. Huu ni muundo wa Kichina unaotengenezwa na viwanda vingi. Hiyo 1 ni silinda moja, na 95 ni milimita za kipenyo cha silinda. Pistoni yake husafiri milimita 115 kutoka chini hadi juu. Kibandiko hubandikwa na yeyote dukani, lakini bloku imetoka tanurini na namba yake.

Kuanzia hapo ni hesabu ya darasa la saba. Kipenyo kwa sentimita, 9.5, zidisha kwa chenyewe, kisha kwa mwendo wa pistoni, 11.5, kisha kwa 0.785. Unapata sentimita za ujazo 815, yaani lita 0.815. Zidisha lita hizo kwa mizunguko iliyoandikwa, 2,000 kwa dakika, kisha gawanya kwa 200. Jibu ni kilowati 8 na kidogo, ambazo ni farasi 11. Kiwanda chenyewe kwenye karatasi zake huipa S195 kilowati 8.8, yaani farasi 12. Makadirio yangu yamekosea kwa farasi mmoja. Kibandiko kimekosea kwa wanane.

Hiyo 200 haikuokotwa njiani. Katika injini ya dizeli isiyo na tabochaja, msukumo wa wastani juu ya pistoni, ukishaondoa kinachopotelea kwenye msuguano wa ndani, ni karibu ule ule iwe injini kubwa au ndogo: baa 6 hivi, nyingine zikifika 6.5 au 7. Huwezi kuusukuma zaidi bila kuongeza hewa kwa nguvu. Jaribu hesabu hiyo kwa Lister ya farasi 6: lita 1.43, mizunguko 650, gawanya kwa 200. Zinatoka kilowati 4.65, farasi 6 na chembe. Injini mbili zilizobuniwa katika nchi mbili na zama mbili, kanuni moja inazitosha. Kwa pikipiki ya petroli yenye mipigo minne gawanya kwa 120 badala ya 200, kwa maana injini hizo hujaza silinda na kuchoma hewa yake karibu yote. Za mipigo miwili, kama zile ndogo za mashine za kuchuma majani chai zilizozua vurugu mashambani Kericho mwaka 2023, zina hesabu yake nyingine na sitaiingilia leo.

Kuna ujanja mwingine ambao si uongo kamili. Injini hizi huwa na viwango viwili vya nguvu: kile inachoweza kutoa kwa saa 12 mfululizo, na kile cha saa moja tu. S195 ya saa 12 ni kilowati 8.8, ya saa moja ni 9.7. Muuzaji hukusomea kikubwa. Ukiwa unasaga tangu asubuhi hadi magharibi, cha saa moja hakikuhusu. Marekani nako hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za magari zilikuwa zikitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa imevuliwa feni, chujio la hewa na ekzosi yake halisi. Kuanzia magari ya 1972 zikaanza kupima injini ikiwa imevaa kila kitu, na kwenye karatasi magari yale yale yakapoteza farasi kwa makumi bila chuma chochote kubadilishwa.

Hata hao 12 wa kweli, mama hakuwa nao wote. Sababu ni mahali anapoishi.

Kibandiko chochote, cha kweli au cha uongo, kimeandikwa kwa ajili ya hewa ya pwani. Kanuni ya kimataifa ya ISO 3046, inayotumika kwa injini za namna hii, inataka nguvu ipimwe au isahihishwe kwa shinikizo la hewa la kilopaskali 100 na joto la nyuzi 25. Hiyo ni Mombasa siku yenye upepo mzuri. Sisi tuko kati ya mita 1,800 na 2,000 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni kilopaskali 80 hivi. Kila pistoni inaposhuka kuvuta pumzi, karibu moja ya tano ya hewa iliyoahidiwa haipo. Mafundi tunahesabu kwa urahisi kwamba injini isiyo na tabochaja hupoteza asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa Siongiroi toa asilimia 18 hadi 20. Wale farasi 12 wakabaki chini ya 10, na mashine ya nyundo ilikuwa ikidai 15.

Mkimbiaji anayehamia milimani, mwili wake huzoea baada ya majuma kadhaa. Damu huongeza uwezo wa kubeba hewa. Injini haizoei. Magari ya Safari Rally, yaliyorudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, hukimbia Naivasha kwenye mwinuko unaolingana na wetu, na wahandisi wake wana kompyuta za kurekebisha mafuta kulingana na hewa. Injini ya kusaga ina gavana wa springi na pampu ya dizeli ambayo haijui kama iko Lamu au huku kwetu Chepalungu. Inamwaga dizeli ile ile kwenye hewa pungufu. Dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza inatoka kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi.

Hapa kuna jambo linaloniudhi. Mwenye injini akilalamika haina nguvu, fundi wa haraka anakata lakiri ya pampu na kuifungua ili imwage dizeli zaidi. Mteja anasikia mlio umebadilika, anaona moshi umeongezeka, analipa. Nguvu haikuongezeka hata kidogo, kwa sababu kilichopungua ni hewa wala si mafuta. Kilichoongezeka ni joto, masizi kwenye valvu, na mafuta yanayoosha kuta za silinda na kula ringi. Huku juu, ukigusa pampu, iguse kuipunguza.

Kukadiria kunakutosha unaponunua. Anayetaka kujua hasa, aje tufunge breki. Mwaka 1821 mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alibuni namna ya kupima injini ambayo haijapitwa na wakati: usiiache injini izungushe kinu, funga breki kwenye gurudumu lake, kisha pima breki hiyo inavutwa kwa uzito gani. Kazi yote ya injini inageuka joto kwenye breki, na mizani inakuambia ilikuwa kazi kiasi gani.

Kwa Lister tunafanya hivi. Mkanda unatolewa, injini inabaki na gurudumu tupu. Kamba iwe ya katani, nene kama kidole gumba. Ya nailoni itayeyuka na kunata. Inazungushwa mara moja juu ya gurudumu, ikiwa imefungiwa vipande vidogo vya mbao vyenye mfuo ili isitoke pembeni. Ncha ya juu inaning'inia kwenye mizani ya springi iliyofungwa kwenye boriti. Yangu ni mizani ya zamani ya kupimia majani chai, ile yenye uso wa duara, iliyoachwa kituo cha kununulia majani kilipoletewa ya kielektroniki. Ncha ya chini imebeba uzito, mtungi wa maji uliopimwa. Gurudumu lizunguke kuelekea upande wa kuinua mtungi. Mtungi wenyewe ufungwe chini kwa mnyororo mlegevu, maana kamba ikinasa utarushwa, na mtu mmoja akae mkono kwenye wenzo wa kuzimia injini, asifanye kingine. Hakuna anayezungushia kamba mkononi. Hilo silisemi mara mbili. Asiyesikia anakwenda kusimama nje.

Kisha unaongeza maji kwenye mtungi kidogo kidogo hadi injini inapoanza kupungua kasi. Unarudisha nyuma kidogo, unaacha itulie, unasoma. Tuseme mtungi una kilo 20 na mizani inasoma 3. Msuguano wa gurudumu umebeba kilo 17. Kilo moja ya uzito ni nyutoni 9.81, kwa hiyo mvuto ni nyutoni 167 hivi. Mzingo wa gurudumu tumeupima kwa uzi: mita 1.9. Kila mzunguko mmoja injini imefanya kazi ya jouli 317. Sasa kasi.

Asiye na takometa asihangaike. Injini ya mipigo minne hupumua mara moja kwenye ekzosi kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 650 ni pumzi 325 kwa dakika, zaidi ya tano kwa sekunde, sikio haliwezi kuzihesabu. Simu inaweza. Rekodi mlio kwa sekunde kumi, upige ukiwa umepunguzwa kasi, hesabu pumzi moja moja. Zikiwa 54, zidisha kwa 6 upate 324 kwa dakika, kisha kwa 2: mizunguko 648. Vijana wanaipenda sehemu hii kuliko zote, na ndiyo nafuu zaidi.

Mizunguko 650 kwa dakika ni karibu 10.8 kwa sekunde. Jouli 317 mara 10.8 ni wati 3,400 na kidogo, yaani farasi 4.6. Injini ya farasi 6 iliyofika huku juu ikiwa nzima ilipaswa kutoa 4.8 au 4.9. Kwa hiyo hii ni nzima, imechoka kidogo tu. Mwenye injini akisikia 4.6 uso unamshuka. Mimi huwa nampongeza.

Wakati huo wote kuna mtu anamwagia gurudumu maji kwa kikombe, kwa sababu wati 3,400 zinazogeuka joto kwenye kamba zinatosha kuchemsha lita moja ya maji baridi kwa dakika moja na nusu. Kamba ikikauka inaungua. Kwa injini kubwa za meli kamba ingeteketea mara moja, na hilo ndilo lililomfanya Mwingereza William Froude mwaka 1877 abuni breki ya maji kwa ajili ya jeshi la majini la nchi yake: bapa zinazozunguka ndani ya maji, maji yanapokea kazi yote na kutoka yakiwa ya moto. Maabara za injini hadi sasa zinatumia breki za ukoo huo.

Ukiwa umeshafunga breki, usiivue kabla ya kupima na mafuta. Kipimo hiki nakithamini kuliko farasi, na ndicho ambacho karibu hakuna anayekiulizia. Chukua chupa ya nusu lita, weka alama juu na chini, ilishe injini kutoka kwenye chupa hiyo ikiwa imebeba mzigo ule ule, uangalie saa. Lister yetu ya farasi 4.6 ikiwa na afya itaimaliza kwa dakika 27 hivi, sawa na lita 1.1 kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati 10 kwa saa moja. Kwa hiyo tumeingiza kilowati 11, tumetoa 3.4 kwenye gurudumu. Chini ya theluthi. Zilizobaki zimekwenda na maji ya kupozea, na ekzosi, na kelele.

Theluthi si aibu. Tarehe 17 Februari 1897, huko Augsburg, Ujerumani, profesa Moritz Schröter alipima injini ya Rudolf Diesel kwa njia hii hii ya breki na mafuta, na ikapata asilimia 26.2. Injini za mvuke za wakati huo hazikuikaribia, na siku ile ndiyo iliyoiuza dizeli duniani. Lister ya sokoni inampita Diesel mwenyewe. Leo injini kubwa kabisa za meli zimevuka asilimia 50.

Kwa mwenye mashine ya kusaga, chupa ile ndiyo pesa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, inatangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Zidisha lita kwa bei hiyo, gawanya kwa magunia, utajua kila gunia limekula shilingi ngapi. Andika ukutani kwa chaki pamoja na tarehe. Chupa ile ile, mzigo ule ule, dakika zikianza kupungua mwezi hadi mwezi, kuna jambo: ringi zimekwisha, injekta inatiririka, au dizeli ina mafuta ya taa ndani. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara ya kuchanganya, na umesaidia, lakini mchanganyiko ukikupata, pampu ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu dizeli ndiyo mafuta yake ya kulainisha.

Kule kiwandani hatukuhitaji kamba. Injini inayozungusha jenereta imeshafungwa breki, ambayo ni umeme wenyewe: unasoma kilowati kwenye ubao, unaongeza sehemu ya kumi hivi inayopotea kwenye jenereta, unapata nguvu ya injini. Hata huko kibandiko kilitusumbua. Jenereta iliyoandikwa kVA 200 watu huisoma kana kwamba ni kilowati 200, kumbe kwa kawaida ni 160, na hizo nazo mara nyingi ni za dharura, si za kazi ya kutwa. Umeme ukikatika majani yakiwa bado yananyaushwa, ukawasha feni na mashine za CTC za kukata majani kwa pamoja, utajua tofauti ya kVA na kilowati bila kufundishwa.

Bodaboda nao wana breki yao, mlima. Pikipiki, dereva, abiria na mtungi wa maziwa, tuseme kilo 300 zote. Simu inaonyesha umepanda mita 60 za kimo kwa sekunde 45 bila kupunguza mwendo. Kilo 300 mara 9.81 mara 60, gawanya kwa 45: wati 3,900. Ongeza robo kwa ajili ya upepo, matairi na mnyororo. Farasi 6 na nusu hivi wamefanya kazi. Rudia mlima ule ule, mzigo ule ule, baada ya kubadilisha ringi, na hutahitaji maneno ya fundi kujua kama kazi ilifanyika.

Injini ya mama tuliihamishia kwenye kinu kidogo kinachotaka farasi 8, ambacho inakiendesha bila moshi. Kile kikubwa kimekaa kikisubiri. Pesa ya tofauti hakurudishiwa. Muuzaji alisema injini haina hitilafu, na kwa hilo alisema kweli.

Mtu mwingine aliyeuziwa maneno namna hiyo, mkulima Wilmot Crozier wa jimbo la Nebraska, Marekani, alikasirika zaidi. Matrekta aliyonunua hayakuweza kazi yaliyotangaziwa. Crozier akaingia katika bunge la jimbo lake, na mwaka 1919 ikapitishwa sheria: hakuna trekta litakalouzwa Nebraska kabla ya muundo wake kupimwa na chuo kikuu cha jimbo mjini Lincoln, na matokeo yawekwe wazi kwa kila mtu. Upimaji ulianza 1920, trekta la kwanza kufuzu likiwa Waterloo Boy. Maabara ile inafanya kazi hadi leo, na kampuni za dunia nzima hutafuta karatasi yake.

Sisi tuna vyuo vya ufundi katika kaunti zetu, vina walimu na vina vijana wanaotafuta kazi ya mikono. Breki moja ya maji katika chuo kimoja cha Bomet, na ubao nje ya lango wenye majina ya injini zinazouzwa madukani na nguvu zake zilivyopimwa kwenye mwinuko wetu, ingewaokoa wakulima pesa nyingi kuliko semina. Wawakilishi wa wadi wanaoisoma makala hii, ombi ndilo hilo.

Kabla ombi hilo halijatimia, ukienda dukani muulize muuzaji mambo manne: kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni, mizunguko kwa dakika, na kama nguvu iliyoandikwa ni ya saa 12 au ya saa moja. Piga hesabu mbele yake, toa moja ya tano kwa ajili ya mwinuko. Akikasirika, nenda duka la pili.